Garimoshi la Bati na Dhiraa ya Baba

Mji wa Mahajanga hauna reli hata pima moja, lakini sijapata kuona mji wenye mabingwa wengi wa garimoshi kama huu. Kwa miaka kumi na miwili kila aliyeingia sebuleni kwangu Mangarivotra alikuwa na la kusema juu ya garimoshi dogo nililokuwa nikilitengeneza. Dohani imezidi urefu. Magurudumu mbona madogo. Kwa nini halina taa mbili mbele. Ukimuuliza garimoshi alilipanda wapi, anakwambia aliliona kwenye kalenda.

Mimi sikuliona kwenye kalenda. Nimezaliwa Nosy Be, nyuma ya kiwanda cha sukari, na reli ya kubebea miwa ilipita hatua thelathini kutoka jiko la mama yangu. Akisikia honi, mama alikimbilia kambani kuanua nguo kwa sababu ya masizi. Baba yangu alikuwa mtu wa moto na mafuta kwenye kichwa cha treni, yaani ile injini ya mvuke inayovuta mabehewa. Hakuwa dereva. Dereva alikuja saa moja akiwa na kofia yake, akakuta moto umewaka na kila kiungo kimetiwa mafuta, akavuta mkono mmoja wa chuma na treni ikaenda. Aliyeifanya iende alikuwa Baba, kwa miaka ishirini na sita.

Shule niliiacha darasa la tatu. Kuandika nilifunzwa na mwalimu wa chuoni, yule yule aliyenifunza Kurani kwa fimbo, ndiyo maana nayaandika haya kwa Kiswahili ingawa nyumbani tulisema Kingazija na Kimalagasi, na Kifaransa changu ni cha kuuzia mifereji tu. Sioni haya kulisema. Waliomaliza shule ndio wanaokuja kwangu paa zao zikivuja. Nilianza na koleo moja na makopo ya maziwa, nikitengeneza vibatari. Leo ukienda Amborovy, kwenye zile nyumba mpya za njia ya uwanja wa ndege, tazama mifereji ya maji. Ile isiyovuja ni yangu. Inayovuja ni ya watu waliosoma.

Basi mtu wa namna hii, aliyejijenga mwenyewe kwa bati na risasi ya kulehemia, akiamua kutengeneza garimoshi dogo, unadhani atatengeneza kitu cha kuchezea watoto? Nilitaka injini ya Baba yenyewe, sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake, kila ribiti, vile vichwa vya misumari inayounga mabati, mahali pake, kila mlango unaofunguka ufunguke. Na nilitaka Baba aishike na aseme ndiyo. Neno moja tu. Hilo tu ndilo lililonitoa jasho miaka yote hiyo, na mtu asije akaniambia ni jambo dogo.

Mwanzo wake ulikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Kiwanda kilikuwa kimeleta matrekta, na injini za mvuke zikasukumwa nyuma ya karakana kungoja kukatwa vyuma chakavu. Siku moja nikamkuta Baba amesimama mbele ya ile yake, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye maziko ya jamaa na hajui amfariji nani. Nikarudi nyumbani, nikachukua bunda la uzi wa pamba wa kushonea magunia ya sukari, nikarudi nikaanza kupima.

Futi ya chuma sikuwa nayo, na sikuihitaji. Nilipima kwa uzi na mafundo, kama mzee aliyenifunza ubati alivyokuwa akipima paa. Urefu wa boila, fundo. Kimo cha dohani, fundo. Kutoka reli hadi njia ya kukanyagia, ile sakafu nyembamba ya chuma inayopita juu ya magurudumu, fundo. Baba akanitazama akacheka, mara yake ya kwanza wiki ile.

"Unaipimia kanzu?" akaniuliza.

Nikamwambia anicheke tu, siku moja ataiona. Kabla sijafunga fundo la kwanza akaniuliza litaanzia wapi, kwa sababu yeye hakuamini kipimo kisichotoka katika mwili wa mtu. Akanyoosha mkono. Fundo la kwanza likawa dhiraa ya Baba, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na yaliyofuata yakaja nyuma yake. Magurudumu hayapimiki vizuri kwa uzi, kwa hiyo niliyawekea karatasi za mifuko ya saruji, nikayachora kwa mkaa yalivyo, duara zima na kila mkono wa gurudumu. Behewa la Jumapili nalo nikalipima, lile la mbao lililobeba familia za wafanyakazi siku za mapumziko.

Kisha nikahamia Mahajanga. Watu wa kwetu wengi, Wangazija, walikuwa wameondoka mji huo baada ya zile vurugu za kuwashambulia, na mimi ndiye niliyekuja wakati wengine wanatoka. Jamaa zangu walisema nina wazimu. Mimi nikasema mji uliopoteza mafundi wake lazima una paa zinazovuja. Niliingia chomboni na vitu viwili vya thamani. Karatasi za magurudumu nilizitia ndani ya bomba la bati nililolilehemu mwenyewe pande zote mbili, na tone la maji lisingeweza kuingia humo hata kwa ruhusa. Uzi niliuzungusha kiunoni. Tulipigwa na bahari, tukateka maji yaliyoingia chomboni siku nzima, na nilipoteremka Mahajanga nilikuwa nimerowa hadi kofia. Bomba nikalikata, karatasi kavu kama biskuti. Nikajisifu sana. Uzi nikauanika dirishani, nikausahau.

Kwa miaka kadhaa nilitafuta riziki kwanza. Nilipopata karakana yangu na mke wangu na sebule yenye meza, nikaanza kazi. Sasa nikawa na futi ya chuma. Nikausoma uzi wangu fundo kwa fundo, nikagawa kwa ishirini. Karatasi nazo nikazigawa kwa ishirini. Shaba ya njano nikaitoa kwenye majiko ya mafuta ya taa yaliyokufa, mabomba kwenye vijiti vya miavuli, na ribiti nilizitoa upande wa ndani wa bati kwa sindano ya gramafoni, moja moja, mia nne na kumi na mbili. Ukikosea moja unatupa bati zima. Nilitupa mabati kumi na tisa.

Usiniulize habari za mke wangu na ndimu. Shaba kabla ya kulehemiwa lazima isuguliwe kwa kitu kikali, na hakuna kilicho bora kuliko ndimu. Yeye hupika vitumbua na achari za kuuza. Ikawa kila siku anatafuta ndimu zake, na mimi natafuta sahani yangu ya vipande vyenye ribiti aliyoifutia vumbi. Siku moja alimwaga mlangoni vipande vya tangi la maji, ribiti zote tayari, akidhani ni taka za bati. Nilimweleza kwa upole mtu wa namna gani humwaga kazi ya miezi miwili. Alinijibu kwa upole pia kwamba garimoshi langu limekuwa mke mwenza asiyefua wala kupika.

Majirani nao. Nikipita na baiskeli wananiuliza treni imefika stesheni gani. Mmoja aliyevuka kwenda Katsepy kila wiki kununua samaki alitaka nimuuzie behewa moja abebee. Nilimaliza behewa kwanza, la mbao za mpalisanda, mabenchi manane, milango minne yenye bawaba zinazofanya kazi, na kitasa kidogo kuliko kichwa cha sisimizi. Hakuna fundi kisiwa kizima angeweza kile kitasa. Nasema na narudia.

Mama alipofariki nikamleta Baba akae kwangu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, akaona umbo na mwanga tu, kwa hiyo vitu alivijua kwa mikono. Nikamwekea behewa mapajani. Akalipapasa, akafungua mlango, akafunga.

"Zuri," akasema. Nikangoja. "Lakini mimi sikuwa abiria."

Haya. Nikamaliza kichwa chenyewe, nikakipaka rangi ya kijani tabaka saba, nikakileta mbele yake baada ya chakula cha mchana, mke wangu na wanangu wamekaa. Baba akakishika kwa mikono miwili. Akaanza dohani, akashuka kwenye boila, akaenda nyuma alikosimama miaka ishirini na sita, akarudi pembeni, chini, vidole vikasimama hapo. Akakirudisha mezani taratibu.

"Siyo," akasema.

"Siyo nini, Baba?"

"Siyo yenyewe."

"Kasoro iko wapi?"

"Fundi ni wewe."

Mtu akikwambia dohani imezidi, unaikata. Mtu akikwambia siyo, unafanya nini? Nikapunguza dohani. Akashika, siyo. Nikafanya upya kuba la mvuke, lile lililo juu ya boila, nikalisogeza nyuma upana wa kucha. Siyo. Nikabadilisha mkono wa kukazia breki, nikautengeneza kwa sindano ya kushonea viatu. Siyo. Nilimwomba aniambie angalau ni mbele au nyuma. Akasema hajui, anajua tu kwamba mkono wake hautulii. Nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, kwa sababu baba ni baba na mtu hawezi kumwambia anachotaka kumwambia.

Hilo liliendelea miaka mitatu. Kilichoniumiza zaidi ni siku alipokuja vazaha mmoja, mgeni wa Kizungu aliyetumwa na mteja wangu wa Amborovy. Yule alilijua garimoshi kweli. Alivaa miwani ya pili juu ya miwani ya kwanza, akahesabu ribiti, akaniambia kwao watu wenye mashine za kutengenezea saa hawafikii kazi hii. Nikamtafsiria Baba kila neno, taratibu, na mengine nikayatafsiri mara mbili. Kisha vazaha akauliza kama anaweza kukichukua kile kichwa. Kabla sijafungua mdomo, Baba akasema kutoka kitini pake:

"Mpe tu. Siyo yenyewe."

Sikumpa. Nilikifunika kwa kitambaa, nikakiweka juu ya kabati, nikasema sitakigusa tena. Nilikaa miezi bila kukigusa. Nilitengeneza mifereji, na nilikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa mvua.

Aliyelifungua fundo ni mke wangu, na ananikumbusha kila tukigombana. Ilikuwa asubuhi, amekaa barazani karibu na Baba anachambua pilipili manga kwenye ungo, maana kulikuwa na harusi kubwa upande wa kwao. Mimi nilikuwa nakata bati pembeni. Wakawa wanazungumza mambo ya zamani, mara nikamsikia akimuuliza kitu ambacho mimi, kwa akili zangu zote, sikuwahi kukiuliza. Mimi nilimuuliza siku zote injini ilikuwaje. Yeye akamuuliza:

"Baba, asubuhi ukifika kazini, mkono wako ulianzia wapi?"

Baba akacheka. Akasema mkono ulianza na kopo la mafuta, lile lenye mdomo mrefu. Nyuma ya kila gurudumu kulikuwa na kikombe cha mafuta cha ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na kukifikia ulipitisha ngumi juu ya gurudumu, chini ya njia ya kukanyagia, ndani kabisa hadi kiwiko, gizani, bila kuona. Upande wa kushoto mara nne, wa kulia mara nne. Alikuwa anaonyesha hewani, ngumi imekunjwa, mkono unaingia na kutoka, na kila mara kiwiko kikiinuka kidogo mahali pamoja. Mke wangu akaniambia nilete lile garimoshi.

Nikalileta kwa shingo upande. Baba akalishika, kidole chake kikaenda moja kwa moja juu ya gurudumu, chini ya ile sakafu. Hakikuingia, bila shaka, ni kidole cha mtu mzima. Lakini kikabaki pale pale, kinasukuma.

"Hapa," akasema. "Ngumi yangu haipiti hapa."

Nikamwambia ngumi yake haiwezi kupita kwenye kitu cha ukubwa wa mkate. Akaniuliza kwa kipimo changu ngumi yake ni kubwa kiasi gani. Nikachukua futi nikaipima ngumi ya Baba, sentimita kumi. Gawa kwa ishirini, nusu sentimita. Mke wangu akatazama futi, akachagua punje moja ya pilipili manga kwenye ungo, akanipa. Ilikuwa nusu sentimita kamili, kama imepimwa sokoni. Nikaiweka juu ya gurudumu, nikaisukuma. Ikakwama. Nikajaribu gurudumu la pili. Ikakwama. Magurudumu yote manane.

Nikasema punje ni kubwa. Nikachagua nyingine. Kisha nikasema Baba amesahau, ni miaka mingi, ngumi yenyewe huenda ilikuwa inakwaruzika kwa juu kidogo. Nikaenda nikachukua uzi, kwa sababu uzi wangu niliuhifadhi, mimi si mtu wa kutupa vipimo, nikaja kumwonyesha mbele ya shahidi kwamba kila fundo liko mahali pake.

Akaupapasa, akalipata fundo la kwanza. Akaweka mwanzo wa uzi kwenye kiwiko, akaunyoosha juu ya mkono wake. Fundo likaishia kwenye kiungo cha mwisho cha kidole cha kati. Ncha nzima ya kidole ilibaki nje.

"Umepungua, Baba," nikasema. "Uzee."

"Ningepungua mimi, uzi ungenizidi," akasema. "Huu umenipungukia. Sasa nani kapungua?"

Mke wangu alikuwa amekwisha kuelewa, nikamwona kwa jinsi alivyoinamia ungo. Akauliza kama uzi ule uliwahi kurowa. Nikakumbuka chombo, na kuteka maji, na bomba langu la bati lililolehemiwa pande zote mbili na karatasi kavu kama biskuti, na uzi kiunoni.

"Pamba mpya ikirowa hunywea, ikawa fupi," akasema. "Hata kitambaa cha kanzu hurowekwa kwanza ndiyo kikatwe."

"Nilimuuliza," Baba akamwambia yeye, si mimi. "Siku ile ile nilimuuliza kama anaipimia kanzu."

Basi. Magurudumu yalitoka kwenye karatasi, yakawa sahihi. Kila kitu kingine kilitoka kwenye uzi, kikawa kifupi. Katika boila hakuna ambaye angeliona kosa, kifupi kidogo huku na huku. Lakini kimo cha ile sakafu kutoka reli kilipungua wakati magurudumu hayakupungua, na nafasi ya ngumi ikabaki nusu. Vazaha mwenye miwani mbili hakuona. Mabingwa wa kalenda hawakuona. Mimi niliyehesabu ribiti mia nne na kumi na mbili sikuona. Mkono wa mzee asiyeona uliliona siku ya kwanza, na haukujua kusema.

Ningeweza kuiinua sakafu tu kwa kipande cha bati. Watu wengi wangefanya hivyo na kuita kazi imekwisha. Nilifikiri juu ya hilo siku mbili, na siku ya tatu nikawasha jiko, nikapasha moto chuma cha kulehemu, nikaanza kuyeyusha maungio. Miaka kumi na miwili ikatoka vipande vipande juu ya meza ya sebuleni. Mke wangu aliona, akaenda sokoni, akarudi na kikapu cha ndimu, akakiweka karibu yangu. Sikumshukuru. Nilikuwa na hasira na dunia nzima na kila pamba iliyomo.

Nilipima upya kila fundo kwa dhiraa ya Baba. Kidole kilichobaki nje ndicho kilichonionyesha kila kipimo kimepungua kiasi gani, nikakirudisha. Ilinichukua miaka miwili. Boila jipya, matangi mapya, ribiti mpya, safari hii nilitupa mabati sita tu, kwa sababu mkono ulikwisha kuwa mkono. Magurudumu yalibaki yale yale. Hayakuwa na kosa.

Nilipomaliza sikuwaita watu. Nilimkuta Baba barazani baada ya sala ya Ijumaa, nikamwekea mapajani, nikampa punje ya pilipili manga. Akaitafuta nafasi kwa ukucha, akaiweka juu ya gurudumu la kwanza la kushoto, akaisukuma. Ikapita, ikaanguka kwenye kanzu yake. Akaiokota. Gurudumu la pili. La tatu. La nne. Akageuza injini, akafanya upande wa kulia. Hakuna iliyokwama.

Nikangoja lile neno. Nilikuwa nimelingoja miaka kumi na minne, na naapa nilikuwa nimesimama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Mafuta yako wapi?" akasema.

Nikamwambia Baba, hii haina moto, haina mvuke, haiendi popote, haihitaji mafuta. Akanyoosha mkono wake, akayangoja. Mke wangu akamletea kisahani cha mafuta ya nazi na unyoya wa kuku, Baba akauchovya, akaupitisha juu ya gurudumu, chini ya sakafu, ndani kabisa. Kushoto mara nne, kulia mara nne. Kiwiko chake kiliinuka kidogo, mahali pale pale.

Tangu siku hiyo anaitia mafuta kila Ijumaa. Rangi yangu ya kijani, tabaka saba, imeanza kubabuka pembeni mwa njia ya kukanyagia, na kitambaa cha meza kina madoa manane yaliyopangana vizuri. Nimesema naye, nimemwonyesha, nimemfanya aguse ile rangi inavyobanduka. Ananijibu kwamba hivyo ndivyo walivyosema madereva wote, kisha ekseli ikashika moto.

Wiki iliyopita nilimnunulia kichupa cha mafuta ya cherehani. Yale ya nazi yanaharibu rangi.